Kutembelea magofu ya Wamaya ya Tulum ukiwa hoteli ya ufukweni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na ndugu wanaokwenda kupumzika Cancún, Playa del Carmen au Tulum, kwenye pwani ya Karibi ya Meksiko. Wengi wao wanatokea Marekani na Kanada, wachache wanasafiri kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Bei hazikuandikwa humu kwa sababu hupanda karibu kila mwaka, na bei iliyopitwa na wakati inamkera msafiri kuliko kukosa bei kabisa.

Nimelipia hoteli yenye kila kitu. Kwa nini niache ufukwe nikatazame mawe?

Kwa sababu bahari hiyo unayoogelea ndiyo iliyoulisha mji huo. Tulum ilikuwa bandari. Ilistawi kuanzia karne ya 13 mpaka Wahispania walipofika mwanzoni mwa karne ya 16, wakati ambapo miji mikubwa ya bara ya Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hili, kama Tikal, ilikuwa imekwisha kuhamwa kwa miaka mia kadhaa. Mitumbwi ilipita hapa na chumvi, pamba, asali, kakao na obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lililochongwa visu na ncha za mikuki. Baadhi ya obsidiani hiyo ilichimbwa Ixtepeque, kwenye nyanda za juu za Guatemala, umbali wa karibu kilomita 700.

Usidhani ilikuwa mitumbwi midogo ya kuvulia. Mwaka 1502, karibu na kisiwa cha Guanaja huko Honduras, Christopher Columbus alikutana na mtumbwi mkubwa wa biashara wenye kibanda katikati. Ulisheheni nguo za pamba, vyombo vya shaba na punje za kakao. Mwaka 1518 meli za Juan de Grijalva zilipita kandokando ya pwani hii, na kasisi aliyekuwemo, Juan Díaz, aliandika kwamba waliona mji mkubwa kiasi kwamba hata Sevilla usingeonekana kuuzidi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba mji huo ni Tulum.

Ukisimama juu ya lile jabali la mita 12 na kutazama maji, utaona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye miamba ya matumbawe. Pana mlango kwenye miamba hiyo, na mji umekaa mkabala nao. Mtu yeyote aliyewahi kusikia manahodha wakizungumza habari za kuingia bandarini usiku ataelewa mara moja kwa nini walijenga pale.

Nimeshatembelea Gede na Kilwa Kisiwani. Nitaona jipya?

Utaona. Miji hiyo mitatu iliishi karibu zama moja, yote ilitegemea biashara ya baharini, na yote ilijengwa kwa mawe ya pwani na kupakwa chokaa iliyochomwa. Jicho lililozoea kuta za Gede litaitambua lipu ya Tulum bila kuelekezwa. Lakini hapa hakuna msikiti wala kaburi la mnara, na milango mingine ni mifupi mno, mtu mzima hapiti bila kuinama. Watu wa kawaida waliishi kwenye nyumba za miti zilizoezekwa makuti, ambazo zimeoza zamani. Majengo ya mawe unayoyaona yalikuwa ya ibada, ya watawala na ya watu wakubwa.

Nikifika ndani, nianze kuangalia wapi?

Anza na ukuta. Watu wengi hupita mlangoni mbio kuelekea bahari, wakalipita jambo kubwa kuliko yote. Ukuta unauzunguka mji pande tatu, na upande wa nne unalindwa na jabali na bahari. Ule wa magharibi una urefu wa karibu mita 400. Unene wake unafika mita 8 mahali pengine, na kimo chake ni kati ya mita 3 na 5. Una milango mitano tu, myembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Ukiupita taratibu, ukiwa umegusana mabega na unene ule wa mawe, utajua kwamba waliokuwa ndani walikuwa na kitu cha kulinda.

Kisha nenda kwenye Hekalu la Picha. Pembeni mwa ukuta wake wa mbele, kwenye kona, nyuso kubwa zimechongwa kwenye lipu kiasi kwamba uso mmoja unajikunja kufuata kona: jicho moja upande huu, jicho la pili upande ule. Ndani kuna michoro ya miungu ya rangi ya buluu iliyokaribia kijani juu ya weusi. Hairuhusiwi kuingia, lakini ukisogea pembeni na kulipa jicho muda wa kuzoea kivuli, mistari inaanza kujitokeza. Buluu ya Wamaya ilipatikana kwa kupasha moto nili pamoja na udongo wa aina maalumu, na ndiyo maana imedumu mahali ambapo rangi nyingine zingekuwa zimefutika kwa chumvi na unyevu.

Halafu mtafute Mungu Ashukaye. Yuko juu ya mlango wa hekalu dogo lililo upande wa kaskazini wa El Castillo, jengo kubwa la mji: sanamu ya mtu aliyepinduka, kichwa chini, miguu juu imepanuliwa, mikono imekutana mbele. Hekalu lenyewe linaonekana kama limekosewa, kwa sababu kuta zake zinapanuka kadiri zinavyokwenda juu, lakini lilijengwa hivyo makusudi. Kuhusu mungu huyo ni nani, wataalamu hawajakubaliana. Wengine wanamhusisha na jua linalotua, wengine na sayari ya Zuhura, na wengine na nyuki. Mimi navutwa na maelezo ya nyuki. Wamaya wa rasi ya Yucatán wamefuga nyuki wadogo, wale wasiouma, tangu kale, na bado wapo wanaowafuga kwenye vipande vya magogo yenye uwazi ndani. Asali ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za pwani hii. Ukimtazama yule mungu anavyoshuka, si vigumu kumwona nyuki anayerudi mzingani.

Mwishowe fika El Castillo, jengo refu kuliko yote mjini, lenye mita 7.5. Uso wake unatazama bara, mgongo wake uko baharini. Kwa hiyo picha ile maarufu yenye jengo juu ya jabali na maji chini inapigwa kutoka upande wa pili wa kijighuba, wala huipati ukiwa umesimama mbele ya ngazi.

Ni kweli Wamaya walitoweka?

Hapana, na tunaomba usiwaulize wenyeji swali hili wakiwa mbele yako. Kuna mamilioni ya Wamaya leo, Meksiko, Guatemala na Belize. Kimaya cha Yucatán kinazungumzwa na mamia ya maelfu ya watu, na ukiwa hotelini huenda aliyekutandikia kitanda asubuhi ameongea na mama yake kwa lugha hiyo kwenye simu.

Kilichotokea ni kwamba miji mingi ya kusini ilihamwa kati ya karne ya 8 na ya 10. Sababu zilikuwa nyingi kwa pamoja: vita kati ya falme, ukame mrefu, na ardhi iliyoelemewa na watu. Watu walihama, wakajenga kwingine, na Tulum ni moja ya hiyo miji ya baadaye. Yenyewe ilihamwa katika karne ya 16, baada ya Wahispania kuingia na magonjwa ambayo watu hawakuwa na kinga nayo.

Na hata hapo historia ya Tulum haikuisha, ingawa mabango mengi yanaishia hapo. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka dhidi ya mabwana waliowanyang'anya ardhi na kuwafanyisha kazi kwa madeni. Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka 50. Mji mkuu wa wapiganaji ulikuwa Chan Santa Cruz, ambao leo unaitwa Felipe Carrillo Puerto, kusini ya Tulum kwenye barabara kuu ya pwani. Walifuata Msalaba Unaosema, msalaba walioamini kwamba Mungu alizungumza nao kupitia kwake, na Tulum ikawa moja ya mahali pao patakatifu. Katika miaka ya 1870 aliyeongoza ibada pale alikuwa mwanamke, María Uicab, ambaye maadui zake wenyewe walimwita malkia. Jeshi la serikali liliingia Chan Santa Cruz mwaka 1901. Hayo ni ya juzi tu. Wapo wazee katika vijiji vya huko ambao babu zao walipigana.

Kwa hiyo ukitafuta mwongoza watalii, tafuta anayetoka vijiji hivyo. Atakuonyesha majengo yaleyale, lakini atayazungumzia kama mambo ya nyumbani kwao.

Niende saa ngapi?

Mlango unapofunguliwa, ambayo kwa kawaida ni saa mbili asubuhi. Kufika saa nne mabasi ya kutoka Cancún yameshamwaga watu, na kufika saa sita hakuna kivuli. Jua la pale ni la kuchoma hasa, mawe meupe yanalirudisha usoni. Beba maji ya kutosha na kofia.

Ukishindwa asubuhi, nenda alasiri, ila jua kwamba kuingia kunakatazwa mapema, muda mrefu kabla ya jua kuchwa. Jumapili ikwepe ukiweza. Siku hiyo raia na wakazi wa Meksiko huingia bure kwenye maeneo ya kale ya serikali, wao na watoto wao, na ni haki yao.

Nafikaje kutoka hotelini?

Tulum iko karibu kilomita 130 kusini ya Cancún na kama kilomita 60 kutoka Playa del Carmen, zote kwenye barabara moja kuu, namba 307. Mabasi makubwa ya ADO ni safi na yanafuata ratiba. Yapo pia magari madogo yanayoitwa colectivo, ambayo Mtanzania au Mkenya hahitaji kufundishwa kuyapanda: ni daladala. Unasimama kando ya barabara, unapunga mkono, unalipa taslimu kwa peso, unamwambia dereva "ruinas" naye atakushusha kwenye njia ya magofu kabla ya kufika mjini. Treni ya Maya, iliyoanza kusafirisha abiria Desemba 2023, nayo ina kituo Tulum, ila kiko mbali na ufukwe na utahitaji gari la kukumalizia safari.

Kwa nini nimelipishwa zaidi ya mara moja?

Kwa sababu magofu yako ndani ya hifadhi, iitwayo Parque del Jaguar. Kuna malipo ya hifadhi, na kuna tiketi ya magofu inayotolewa na INAH, taasisi ya serikali inayosimamia mambo ya kale. Hayo ni halali, dai risiti na uzitunze mpaka utoke.

Kisicho halali ni kinachotokea kabla ya hapo. Barabarani utakutana na watu wenye mashati yanayofanana, vitambulisho shingoni, wakikusimamisha na kusema tiketi zinauzwa kwao, au kwamba bila boti huruhusiwi kuingia. Wanauza safari zao. Washukuru, endelea kutembea mpaka kwenye dirisha rasmi.

Tulum, Cobá au Chichén Itzá?

Ukiwa na siku moja tu na uko ufukweni, chagua Tulum. Ukiwa na mbili, ongeza Cobá, iliyo kama kilomita 45 ndani ya msitu. Cobá ni kongwe kuliko Tulum na ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Njia zake nyeupe za mawe zilitawanyika msituni, na moja ilikwenda kilomita 100 hadi Yaxuná bila kupinda sana. Unazunguka kwa baiskeli ya kukodi au kwa guta la abiria linaloendeshwa na kijana wa kijijini, chini ya miti, kwenye kivuli. Piramidi yake, Nohoch Mul, ina mita 42.

Chichén Itzá ndiyo maarufu zaidi na UNESCO iliiorodhesha mwaka 1988. Piramidi ya Kukulkán ina ngazi 91 kila upande, na ukijumlisha kidato cha juu unapata 365, siku za mwaka. Ni safari ya saa mbili au zaidi kwa gari kutoka Tulum, na umati wake ni mkubwa. Nenda, lakini usiipachike siku moja na Tulum. Utatoka na picha tu.

Wasiotaka kusafiri kabisa, waliolala katika ukanda wa hoteli wa Cancún, wana magofu ya El Rey na San Miguelito palepale kati ya mahoteli, na jumba la makumbusho la Wamaya lililofunguliwa 2012. Hapo unaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Na kwa anayependa ukimya: Muyil, kilomita 20 hivi kusini ya Tulum, ukingoni mwa hifadhi ya Sian Ka'an, penye mifereji ambayo Wamaya waliitumia kusafiri kwenda baharini.

Saa zangu zilinichanganya Chichén Itzá. Tatizo ni nini?

Quintana Roo, penye fukwe, iko mbele kwa saa moja kuliko jimbo la Yucatán, penye Chichén Itzá. Ukienda unapata saa moja, ukirudi unaipoteza. Mwulize dereva kila mara anamaanisha saa za wapi. Kwa wanaopiga simu nyumbani: Cancún ikiwa saa mbili asubuhi, Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi jioni.

Naweza kupanda juu ya piramidi?

Tulum, hapana, majengo yote yamezungushiwa kamba. Chichén Itzá, hapana. Cobá taratibu zimebadilika mara kadhaa, uliza mlangoni siku hiyohiyo.

Na kuogelea chini ya magofu?

Kuna kijighuba cha mchanga mweupe chini ya El Castillo, na zamani watalii walishuka kwa ngazi za mbao. Siku nyingi hufungwa, ama kwa usalama au kwa ajili ya kasa, ambao hutaga kwenye fukwe hizi kuanzia karibu Mei hadi Oktoba. Ukikuta pamefungwa usiruke kamba. Fukwe nyingine za hifadhi ziko karibu.

Jambo linalowashtua wengi ni mwani wa kahawia, sargasso, unaoletwa na mikondo ya Atlantiki kuanzia majira ya Machi au Aprili hadi Agosti au zaidi. Mwaka ukiwa mbaya, ufukwe unanuka na maji yanageuka rangi ya chai. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Desemba hadi Februari hali ni nzuri zaidi, na bei za hoteli zinajua hivyo.

Cenote ni nini, na ina uhusiano gani na magofu?

Ni shimo la maji baridi lililofunguka pale mwamba wa chokaa ulipoporomoka. Kaskazini ya rasi ya Yucatán karibu haina mito juu ya ardhi, maji yote yanapita chini, kwa hiyo bila cenote kusingekuwa na mji. Wamaya waliziheshimu kama milango ya kuelekea kwa miungu ya mvua na wafu, na ile ya Chichén Itzá ilipokea sadaka za dhahabu, jade na watu. Karibu na Tulum, ndani ya pango la maji liitwalo Hoyo Negro, wapiga mbizi walikuta mwaka 2007 mifupa ya msichana aliyeishi zaidi ya miaka 12,000 iliyopita.

Oga kwanza bombani kabla ya kuingia, na usijipake mafuta ya jua. Maji unayoyachafua pale yanakwenda moja kwa moja mpaka kwenye matumbawe.

Mimi ni Mwislamu. Chakula cha huko nitakiweza?

Utaweza, ukiuliza. Sahani ya sifa ya Yucatán, cochinita pibil, ni nguruwe. Hatari kubwa ni iliyojificha: maharage na baadhi ya mikate hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Maneno mawili yatakusaidia, "sin cerdo", bila nguruwe, na "sin manteca", bila mafuta yake. Samaki wa pwani hii ni wazuri sana, hasa tikin xic, anayepakwa achiote, kiungo chekundu cha mbegu, na maji ya machungwa machungu akachomwa ndani ya jani la mgomba. Nyama ya kuchinjwa kihalali ni adimu, hivyo wengi hubaki na samaki, mayai na mboga. Pilipili ya pale, habanero, ni ndugu wa pilipili mbuzi. Iheshimu.

Nina mama mzee na watoto wadogo. Watamudu?

Tulum ndiyo rahisi kuliko zote tatu. Eneo ni dogo, saa moja na nusu hadi mbili zinatosha, na njia nyingi ni tambarare, ingawa kuna kokoto na vidato hapa na pale. Kutoka mlango wa hifadhi mpaka kwenye ukuta ni mwendo, ulizia usafiri mdogo wa ndani kabla ya kuanza kutembea. Watoto watavutiwa na iguana, mijusi wanene wa kijivu wanaoota jua juu ya kuta. Wasiwalishe.

Viza?

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Meksiko. Meksiko imekuwa ikiwasamehe wenye viza hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, lakini thibitisha na ubalozi wa Meksiko, uliopo Nairobi, kabla ya kukata tiketi. Na ukiunganisha ndege Marekani, utahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja.

Kamera na droni?

Simu na kamera ya mkononi hakuna shida. Kamera ya video huweza kulipiwa, kamera ya miguu mitatu inahitaji kibali, na droni imekatazwa.

Na ile habari ya mwisho wa dunia mwaka 2012?

Wamaya hawakutabiri hivyo. Kalenda yao ndefu ilianza mwaka 3114 kabla ya Kristo, na Desemba 21, 2012 kipindi kimoja cha hesabu hiyo kilifungwa na kingine kikaanza.

Naweza kuchukua kijiwe kidogo cha kumbukumbu?

Hapana, hata kipande cha kigae kilichokaa njiani. Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 inakifanya kuwa mali ya taifa, na unaweza kushtakiwa. Ukiokota kitu kinachoonekana cha kale, kiache palepale kilipo na umwite mlinzi.